Alama ya Kidole Isiyokauka

Wasimulizi wa mwambao wa Ziwa Mweru hupenda kuanza hadithi za aina hii usiku, mbu wakilia na mawimbi yakipiga. Hii ilianza saa saba mchana, jua likiwa utosini, kwa jambo dogo ambalo karani yeyote angesema ni kosa la waya wa simu: barua ilikwenda, picha ikabaki.

Ilikuwa Jumatatu, katika mwaka wa tisini na tisa, vita vilipokuwa vimewavusha watu wa Kongo kwa maelfu hadi Nchelenge, upande wa Zambia. Ghislain, kijana wa Pweto aliyevuka pamoja nao, alikuwa amepata kazi katika ofisi ndogo ya kutafuta jamaa waliopotezana. Aliandikisha watoto waliofika bila wazazi, akawapiga picha, na kila saa saba mchana, simu ya wilaya ilipopumzika kidogo, alizituma picha hizo Lusaka kwa barua pepe.

Picha iliyogoma ilikuwa ya Fidélie, msichana wa miaka sita aliyeokotwa ufukweni Kabuta baada ya mtumbwi wao kupinduka. Huko Lusaka, hospitalini, alikuwako mwanamke aitwaye Deborah, mguu umevunjika, aliyesema binti yake wa jina hilo amezama. Ijumaa saa nne asubuhi Deborah angepanda ndege ya kwenda Kanada na wakimbizi wenzake. Alikwisha kuitwa mara mbili kuonyeshwa akina Fidélie wasio wake, na mara zote mbili alizimia. Wakubwa wakasema hawatamtesa tena bila picha. Picha ikifika, mama angemsubiri mwanawe. Isipofika, angeondoka akimlilia mtoto aliye hai.

Mstari wa buluu ulitambaa kwenye kioo cha kompyuta hadi sitini na moja kwa mia, ukasimama. Simu ikakatika.

"Ba Ghislain," alisema Boyd Nkonde, mkuu wa ofisi, Mzambia mnene asiyekosa mzaha, "umepakia mtoto au umepakia gunia la dagaa wa chisense? Awe, hapana, laini ya Nchelenge haina mabega. Punguza!"

"Shefu, nilisha kupunguza mara mbili."

Na kweli alikuwa amepunguza. Picha ilikuwa na uzito wa kilobaiti themanini na nne. Alikata kingo zake, akategemea isome sitini. Ikasoma tisini na saba. Alikata tena, pakabaki uso na mabega tu. Ikasoma mia na kumi na nane. Akabadilisha diski. Akaipa picha jina jipya. Akatuma kwa jaribio picha ya mzee mmoja, Sampa, nayo ikapita kabla Boyd hajamaliza chai yake. Aliporudi kwa Fidélie, mstari ulifika sitini na moja na kusimama.

"Virusi hivyo," alisema Boyd. "Kesho tutampigia fundi aliye mjini Mansa."

Chumbani mlikuwa na harufu ya tope la chini ya ziwa, lile tope jeusi linalopanda na nanga, ilhali ofisi ilikuwa juu kilimani na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

Jumanne modemu ilipiga kelele zake za kawaida, mluzi na mkwaruzo, kisha katikati ya mkwaruzo Ghislain akasikia kitu kingine: pumzi ndefu ya mtu anayeibuka kutoka majini. Aliweka sikio karibu. Pumzi ikasita, kana kwamba aliyekuwa akihema naye ameweka sikio upande wa pili.

Sitini na moja.

Jumatano aliifungua picha aione kwa macho yake. Alikuwa amempiga picha Fidélie mbele ya ukuta mweupe, naye alikumbuka vyema weupe wa ukuta ule. Sasa nyuma ya mtoto ulikuwapo unyevu, doa refu la kijivu lenye urefu wa mtu mzima. Uzito ulisoma mia mbili na tatu.

"Shefu, kuya uone."

Boyd alikuja, akainama, akatazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Mzaha ulimtoka usoni.

"Mwandi! Jamani," alisema polepole. "Hilo doa lina bega."

Alichukua kofia yake akasema anakwenda posta kuuliza habari za laini, naye hakurudi hadi Ijumaa.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, alifika Mama Dorica akiwa amemshika Fidélie mkono. Dorica aliuza samaki wakavu sokoni Kashikishi na ndiye aliyekuwa akimtunza mtoto. Watu walijua kwamba ujanani alishikwa na ngulu, pepo wa ziwa, akawatumikia miaka saba kabla ya kubatizwa, na kwamba tangu siku ya ubatizo hakupenda kuwataja.

"Mwana wandi," alisema kwa sauti ya chini, "huyu mutoto kila asubuhi kitanda chake kinalowa. Si mkojo. Ni mayi ya ziwa, na muchanga ndani. Na anaongea na mutu mwenye mimi simuone."

Ghislain alichuchumaa mbele ya mtoto. "Fidélie, unaongea na nani?"

"Mama ya mu mayi," alijibu Fidélie, kama anayetaja jirani. "Ule alinibeba. Anasema mi ni wake. Anasema we uliandika."

Ghislain aliinuka. Alifungua kabati, akatoa faili, akaitafuta fomu ya mtoto. Akaikumbuka ile siku: foleni ya watu sabini mlangoni, jasho likimwingia machoni, na katika fomu ile nafasi isiyoruhusiwa kubaki wazi, nafasi ya kidole cha mlezi aliyemleta mtoto. Bila kidole, muhuri haupigwi. Bila muhuri, mtoto hapati chakula. Kwa hiyo alikuwa na desturi yake, kama makarani wote wa huruma: yeyote aliyesimama nyuma ya mtoto alichukuliwa kidole. Nyuma ya Fidélie alisimama mwanamke mwenye kitenge kilicholowa, kimya, nywele zimemfunika uso. Mtoto alisema, ni yeye alinibeba. Ghislain hakuuliza jina. Alikishika kile kidole baridi, akakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akapiga muhuri, akaita, "Mwingine!"

Alama ilikuwa pale. Haikuwa na mistari, ila uso laini kama jicho la samaki. Na baada ya siku kumi na moja ilikuwa bado mbichi. Alipoigusa, wino ulimshika.

Dorica aliitazama, akarudi nyuma hatua mbili, akafanya ishara ya msalaba.

"Bale ba mu mayi banachukuaka batu bila karatasi," alinong'ona. "Banachukua, tunalia, tunanyamaza. Lakini huyu umemupa karatasi! Umemupa muhuri! Sasa unamutuma mutoto Lusaka, na yeye anaingia ndani ya picha, anakaa, anasema, mupite na mimi."

"Tufanye nini, mama?"

"Mimi niliacha haya mambo."

"Mama Dorica, kesho ndege inaenda."

Mama yule alimtazama mtoto, aliyekuwa akichora kwa kidole juu ya meza yenye vumbi, na kila alipochora vumbi liligeuka tope. Akavua viatu.

"Lete beseni. Lete unga mweupe. Na saa yako ya kutuma ikifika, utume."

Saa saba mchana mlango ulifungwa. Dorica alinyunyiza unga kizingitini na dirishani, akaweka beseni la maji ya ziwa kando ya kompyuta, akaketi chini na kumpakata Fidélie. Kisha akaanza kuimba taratibu, kwa Kibemba cha zamani ambacho Ghislain hakukielewa, na sauti yake ilitetemeka kama ya mtu anayegonga nyumba aliyowahi kuikimbia.

Modemu ikalia. Mstari ukaanza kutambaa. Kumi. Thelathini. Hamsini na tano. Harufu ya tope ikapanda kutoka sakafuni, na mwanga wa dirisha, ule mwanga mkali wa adhuhuri, ukapoa na kuwa wa kijani kama unaopita majini, na maji ya beseni yakaanza kuchezacheza ingawa hakuna aliyeyagusa, na juu ya kioo picha ikajifungua yenyewe, na nyuma ya mtoto palikuwa na bega, na kutoka begani mkono, na mwisho wa mkono vidole vitano vyeupe vilivyovimba vimemshika Fidélie begani, na Ghislain alipogeuka kumtazama Fidélie wa kweli mapajani mwa Dorica aliona kwamba gauni lake, pale pale begani, limelowa na kukunjamana kama linalobanwa na mkono.

Sitini na moja.

"Muite!" Dorica alisema kwa sauti iliyokauka. "Aliyeandika ndiye anafuta. Sema kwa kinywa chako!"

"Mama wa majini," alisema Ghislain, "niliandika kwa kosa. Mtoto huyu ana mama. Mama yake ni Deborah. Ninakufuta."

Akaipitisha kalamu juu ya alama. Wino ukameza wino. Alama ikarudi, laini, mbichi. Akaipitisha tena. Ikarudi tena. Fidélie akaanza kukohoa, na kilichomtoka kinywani kilikuwa maji.

"Nafasi haikai wazi," alinong'ona Dorica, machozi yakimtiririka. "Ni sheria yenu, sasa ni sheria yake. Kidole kinatoka, kidole kinaingia. Leta wino. Nitaweka changu, mimi mzee, mimi bananijua."

Alijaribu kuinuka, lakini mtoto alikuwa akimzama mikononi, mzito kama mtu aliyelowa nguo zote, naye hakuweza kumwachia. Ghislain aliona hayo. Aliona pia, katika nusu ya pumzi, mwanamke asiyemjua akipanda ngazi za ndege kwa mguu mmoja bila kugeuka nyuma. Akabonyeza kidole chake mwenyewe kwenye wino, kisha juu ya ile alama baridi, akakandamiza.

Kitu kikamshika kidole kutoka chini ya karatasi. Hakikumvuta. Kilimpima tu, kama mnunuzi anavyompima samaki, kisha kikamwachia.

Fidélie akavuta pumzi, akalia kilio kikubwa cha mtoto mzima wa afya. Mwanga ukarudi kuwa wa adhuhuri. Na kwenye kioo, sitini na mbili, sabini, tisini, imekwenda.

Ijumaa saa mbili asubuhi jibu lilifika. Deborah alikuwa amemtambua mwanawe kwa kovu la kidevuni, akakataa kupanda ndege, akauliza mara ishirini kama mtoto anakula. Boyd aliusoma ujumbe kwa sauti, akamsomea tena mlinzi wa getini, akacheza ngoma katikati ya ofisi. Jumatatu gari lilimchukua Fidélie. Picha iliyobaki kwenye diski ilisoma themanini na nne, na ukuta nyuma ya mtoto ulikuwa mweupe.

Dorica peke yake hakucheza. Alipoagana na Ghislain alimshika mkono, akakigeuza kile kidole gumba juani, akakitazama. Mistari yake ilikuwa imefutika.

"Usiende kuoga ziwani, mwana wandi," alisema. "Na ukipata kazi mbali, uende mbio."

Kazi ya mbali ilipatikana mwezi wa kumi na moja, Lusaka, katika ofisi kuu. Walitaka jambo moja tu: picha yake, itumwe kabla ya wiki kwisha. Boyd mwenyewe alimpiga picha, Ghislain amevaa tai ya kuazima, mbele ya ule ukuta mweupe. Saa saba mchana Ghislain aliketi, akapiga simu, akaambatisha picha, akatuma.

Kumi. Arobaini. Sitini.

Sitini na moja.

"Punguza, Ba Ghislain!" Boyd alicheka kutoka chumba cha pili. "Tai hiyo nzito!"

Ghislain hakuifungua picha. Hakuwa na haja. Alikaa mikono imelala mezani, akisikiliza tone la maji likidondoka sakafuni nyuma ya kiti chake, kisha la pili, lililo karibu zaidi. Na begani, upande wa kushoto, shati lake jeupe lilianza kulowa.