Chupa Iliyobadilishwa

"Mmeibiwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Unga wa mizizi," alijibu mtafiti mkuu.

"Na mwizi ameacha nini?"

"Unga wa mizizi."

Inspekta alimtazama sajini wake. Sajini akatazama dari, midomo kaibana asicheke.

"Daktari, nimeacha chai yangu mezani kwa ajili ya hili," Inspekta alisema. "Hebu nieleze taratibu."

Mtafiti, mama mwembamba aliyevaa koti jeupe la maabara, alifungua kabati la vioo na kuonyesha chupa moja kwenye rafu ya kati. Chupa zote za utafiti zilifungwa kwa nta nyekundu na kugongwa muhuri wa taasisi. Hii ilikuwa na nta, muhuri haikuwa nao. Kompyuta, mizani na darubini vilikuwa mahali pake.

Ile iliyoibwa ilikuwa na dawa ya kisukari ya mganga wa miti shamba ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Mizizi. Panya wa maabara waliolishwa unga wake walishuka sukari kwa namna ambayo mtafiti hakuwahi kuiona. Asubuhi hii unga ulikuwa uingie kwenye mtambo wa kuchambua kemikali, ijulikane ndani ya mzizi huo kinachoponya ni nini hasa.

"Alama za vidole?"

"Hamna, afande," sajini alijibu. "Alivaa glavu."

"Na huu ulioachwa ni mzizi mwingine?"

"Hapana," mtafiti alisema. "Nimeuangalia kwa darubini. Ni mzizi uleule, na umetwangwa vilevile."

"Basi umetoka kwenye kinu kilekile. Huyu hakuutaka unga wenu. Hakutaka muuchambue."

"Basi amefaulu. Hatuna unga mwingine."

Inspekta alijikuna shingo. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya mtu anayeomba kuonyeshwa choo.

"Unga wa Babu Mizizi ukipatikana kwingine, unaweza kuupima?"

"Utapatikana wapi?"

Inspekta alitia mkono mfuko wa ndani wa koti lake, akatoa kifurushi kidogo cha gazeti. Ghafla sajini akawa na kazi kubwa ya kutazama nje dirishani. Kwa muda mrefu Inspekta alikuwa amemhakikishia daktari wake wa hospitali kwamba hanywi kitu zaidi ya vidonge vya kisukari alivyoandikiwa, huku akilamba unga huo chooni kituoni kama mtoto mwizi wa sukari. Mke wake ndiye aliyekuwa akienda kumchukulia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Ni wa mgonjwa mmoja," alisema.

"Mwambie huyo mgonjwa asiuguse tena mpaka nimalize," mtafiti alijibu bila kumtazama usoni. Huruma hiyo ilimchoma kuliko kicheko.

Mchana mtafiti aliwaita tena. Alikuwa ameketi, mikono mapajani.

"Kwenye kifurushi kuna vidonge vya hospitali vya kushusha sukari. Vimesagwa vikachanganywa na mzizi. Kwenye chupa iliyoachwa hamna kitu, ni mzizi mtupu. Panya wangu walitibiwa na vidonge, Inspekta. Na mimi nimeshasimama mbele ya wenzangu nikauita ugunduzi."

"Nani aliingia humu jana?"

"Hakuna mgeni."

"Hata mmoja?"

"Labda binti wa Babu. Huyo simhesabu mgeni. Wiki hii alikuja kuuliza tutaupima vipi unga wa baba yake. Ni muuguzi, nikamweleza habari ya mtambo. Alitetemeka, nikadhani ni furaha. Jana akarudi na mkoba wake kutusalimia. Nilikwenda kikaoni, nikamwacha hapa hapa." Mtafiti alijifunika uso. "Niliweka na chai mbele yake."

Barazani kwa Babu Mizizi mabenchi yalikuwa yamejaa wagonjwa. Mzee aliwapokea polisi chumba cha ndani, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola. Binti yake alisimama karibu na kinu, bado na viatu vya kazini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmempata mwizi wa dawa yangu?"

"Tunamkaribia. Nani huchimba mizizi?"

"Mimi mwenyewe. Hilo simwachii mtu."

"Na nani huitwanga?"

Mzee alinyanyua mikono. Ilikuwa ikitetemeka. "Hii haishiki mchi tena. Mwanangu hutwanga. Mungu kanipa mtoto, afande, si mchezo."

Inspekta hakumtazama binti. Alichofanya baadaye hakukipenda, na hata leo hapendi kukumbushwa. Alitoa pingu, akamgeukia mzee.

"Dawa yako imekutwa na vidonge vya hospitali. Unawapa watu kitu kinachoweza kuwaua. Nyoosha mikono."

"Vidonge?" Mzee aliona ni mzaha. "Mimi?"

"Nyoosha mikono, baba. Tutapita mbele ya wagonjwa wako."

Mzee alinyoosha. Pingu ziligonga vifundo vyake vinavyotetemeka, na binti akapiga kelele.

"Mwache! Ni mimi! Yeye hajui kitu!"

Inspekta alizifungua pingu za mzee, akamgeukia binti.

"Ongea," Inspekta alisema.

"Wagonjwa walikuwa wameisha," alisema binti. "Kila asubuhi anavaa shati lake, anakaa barazani, hawaji. Mtu akipita, anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nilikuwa naona haya kumtazama baba yangu. Siku moja akaja shangazi, sukari imepanda, hospitali kagoma kwenda. Nikamsagia kidonge ndani ya dawa. Akapata nafuu. Baba alicheka siku ile, afande. Hakuwahi kucheka tangu mama afariki."

"Vidonge ulipata wapi?"

"Kliniki ninakofanya kazi. Niliviiba."

"Kuna aliyezimia?"

Aliinamisha kichwa. "Wapo. Niliwapa maji ya sukari wakazinduka. Baba akawaambia dawa inapigana na ugonjwa."

"Na chupa?"

"Nilijua watapima kama inatibu, basi. Sikujua watatazama kilichomo. Nilipoelezwa habari ya mtambo, nikabadilisha, nikaweka mzizi mtupu. Ukishindwa, watasema umechimbwa msimu mbaya. Baba angebaki na jina lake."

Mzee aliishusha mikono yake polepole.

"Shangazi yako," alisema.

"Vidonge, baba."

"Fundi cherehani?"

"Vidonge."

"Mwalimu je? Aliyepiga magoti hapa kunishukuru?"

Binti alikuwa akilia.

"Nitajie mmoja, mwanangu. Mmoja tu aliyeponywa na mzizi."

Binti alimnyooshea sajini mikono.

Sajini alimfunga binti pingu, taratibu, kama anayeomba radhi. Inspekta alikohoa.

"Mzee, walio nje lazima waambiwe sasa hivi. Wengine wanakunywa hii na vidonge vyao vya hospitali juu yake. Mmojawapo ni mimi." Alishangaa jinsi neno hilo lilivyomtoka. "Niachie, nitawaambia."

"Wamekuja kuniona mimi," mzee alisema.

Alitoka barazani, wao nyuma yake. Mama mmoja mnene aliinuka kabla ya wote, uso umemng'aa.

"Shikamoo, babu! Leo nimeamka mwepesi kabisa. Mungu auzidishie baraka huo mkono wako!"

Wengine nao waliinuka, shikamoo zikamwagika kutoka kila benchi.

Mzee hakuitikia. Aliweka mikono nyuma ya mgongo, akageuka mlangoni alikosimama binti yake.

"Mwanangu," alisema, "hizi salamu ni zako. Njoo uitikie."

Binti alitoka na pingu zake, akasimama kando ya baba yake, na pale barazani hakuna aliyejua atazame wapi.