Chipu ya Ansbert

Jumatatu ile Ansbert hakurudi kula.

Sesilia, mkewe, alimfunikia wali kwa kawa. Wali ulipoa. Alasiri mumewe alikutwa sakafuni katika kibanda chake cha Tandika, risasi moja kifuani.

Mtaani walimjua kama fundi wa kompyuta za zamani, zile za miaka ya themanini zinazochomekwa kwenye televisheni. Alizitengenezea bodi za kuziunganisha na diski kuu. Hawakujua kwamba alikuwa pia fundi wa majasusi wa serikali.

Tunu, jasusi mwenzake, alijua. Ansbert ndiye aliyemfundisha kazi. Na simu yake ya mwisho alimpigia yeye.

"Mdogo wangu, kuna mteja kaniletea kompyuta ya Commodore na diski. Nimeichungulia. Ina michoro ya ghala la silaha la jeshi, mpaka mtaro wa kuingilia chini. Njoo haraka."

Alikwenda haraka. Haikutosha.

Bodi haikuwepo. Diski haikuwepo. Ila katika mfuko wa shati la Ansbert kulikuwa na chipu, imeviringishwa kwenye karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

Ndivyo alivyofanya kazi. Akimaliza bodi, aliichomoa chipu yenye programu na kuitia mfukoni. Mteja aliipokea mkononi mwake, wakati wa kuaga. Bila chipu, bodi ile haisomi kitu.

Kwa hiyo atakayekuja kuiulizia ndiye aliyemuua.

Walizika Jumatano. Tunu alijitanda khanga, akaketi mkekani kati ya wanawake, bastola ya Glock chini ya paja.

Alhamisi mchana alikuja mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alijitaja kuwa Gaudens, mwagizaji wa spea.

"Pole sana, shemeji."

"Asante. Karibu."

"Mie nilikuwaga mteja wake. Bodi yangu nilichukua, ila kuna kachipu alisahau kunipa."

Sesilia alimtazama.

"Ansbert alisahau?"

"Si unajua, shemeji, kazi zilikuwa nyingi."

Sesilia aliinuka. "Subiri nikuangalizie."

Alirudi na boksi la kiberiti. Ndani, chipu. Chini ya chipu, kifaa cha kufuatilia alichokitega Tunu, chembamba kama ukucha.

Gaudens aliondoka karibu akikimbia.

"Huyo kaja kuhani au kachelewa ndege?" mama mmoja aliguna. "Hata kahawa hajaonja!"

Tunu alikuwa ameshawasha pikipiki yake ya Boxer.

Redio ilikoroma sikioni. Mzee Mwinshehe, mkuu wake.

"Unamwona?"

"Prado nyeusi. Anakata kuelekea Chang'ombe."

"Usimguse mpaka diski ionekane. Wakiisoma, wiki hii hii silaha zinatoka."

"Nimekuelewa, mzee."

Prado iliingia kwenye ghala la mabati. Tunu alisogea mpaka kwenye ufa wa mlango.

Televisheni ya kichogo. Commodore. Diski nzito kama tofali. Mgeni mmoja mrefu, aliyevaa glovu, alikuwa akiibana chipu kwenye bodi.

Akawasha.

Diski ililia. Taa nyekundu ikawaka.

Tunu alishusha pumzi polepole.

"Inasoma?" Gaudens aliuliza.

"Inasoma," mgeni alijibu.

Sekunde zikapita. Taa haikupepesa. Kioo cha televisheni kilibaki kitupu.

"Mbona taa haizimi?" Gaudens aliuliza tena.

Mlango ulipigwa teke.

"Kwa sababu inafuta," alisema Tunu.

Usiku wa maziko alikuwa ameketi na mashine ya Ansbert, akaandika upya programu ya chipu, kama alivyofundishwa. Hata kama wangemponyoka, diski isingewafaa.

Gaudens alipeleka mkono kiunoni. Glock ililia mara moja. Bastola ya Gaudens ikaanguka, naye akaanguka juu yake, ameshika bega.

Mgeni aliinua mikono.

"We nani?" Gaudens aliuliza huku akiugulia.

"Mteja. Nimefuata chipu."

Askari waliingia. Tunu aliichomoa chipu, akaiviringisha kwenye karatasi yake ya kung'aa, akaitia mfukoni. Alitoka nje, juani, bila kugeuka, akavaa helmeti.

Kisha akaivua. Akapiga simu.

"Dada, tumewakamata."

"Umekula?" Sesilia aliuliza.

"Bado."

"Basi njoo."

Kibanda cha Tandika kimefungwa. Siku hizi Sesilia anapika wali wa kikombe kimoja, si viwili.