Kura ya Nne

Saa tano na dakika thelathini na tano, Jumamosi ya kumchagua meya wa Valdehoz, Bibi Obdulia alivuta komeo la ghala la jibini. Casilda alitoka akitweta, ngumi zimechubuka kwa kugonga mlango.

"Nani kakufungia?"

"Sikumwona! Nilishuka kuchukua jibini ya wageni, nikasikia komeo."

Bibi Obdulia, tarishi mstaafu wa miaka sabini na minane, ndiye diwani mwenye umri mkubwa kuliko wote. Kwa hiyo yeye ndiye wa kuongoza kikao cha saa sita. Hesabu aliijua. Baraza lina viti saba. Meya Evaristo ana vitatu. Wapinzani wanne, yeye mmojawapo, wameafikiana kumchagua mwenzao Casilda. Akikosekana mmoja tu, kura nne hazifiki, na sheria inampa umeya kiongozi wa orodha ya wagombea iliyopendwa na wananchi wengi zaidi: Evaristo.

Akatazama ngazi za kushukia ghalani. Zilikuwa nyembamba, mabega yanasugua kuta, na kuta hizo Casilda alizipaka chokaa alfajiri ile. Bado mbichi.

"Subiri nje ya ukumbi mpaka nikuite," alimwambia.

Ukumbini alimwendea Evaristo kwanza. "Casilda mmemficha wapi?"

"Mimi? Tangu saa nne niko mkahawani! Muulize kasisi, kanifunga karata mara tatu."

Suti yake nyeusi haikuwa na doa. Karibu na dirisha alisimama Fermín, diwani wa upande wa Casilda, koti mkononi, limekunjwa ndani nje.

"Vaa koti, Fermín. Hiki ni kikao."

"Joto, bibi."

Bibi Obdulia alilinyakua, akaligeuza. Mabega yote meupe. "Casilda, ingia!"

"Ngazi zangu ulizifuata nini?" Casilda aliuliza kutoka mlangoni. Nyuma yake alisimama koplo wa polisi aliyelinda kikao.

Fermín alitazama huku na huku, kisha akalipuka. "Baba yako alichunga kondoo wetu! Leo nikuite meya? Evaristo aliniahidi unaibu!"

"Unaibu ndiyo," Evaristo aliruka, "sikukutuma ufungie watu!"

"Si ungempigia yeye kura tu?" Bibi Obdulia aliuliza.

"Mbele ya hawa?" Fermín alionyesha mabenchi yaliyojaa watu wa mtaa wake. "Walinichagua nimng'oe Evaristo. Ningemnyooshea Casilda mkono, kura zipungue, lawama isiwe yangu."

Koplo alisogea. Bibi Obdulia akamzuia kwa kiganja.

"Ngoja. Mahakama itamhukumu. Kwa sasa bado ni diwani, na saa sita imefika. Wanaomtaka Casilda!"

Mikono mitatu. Evaristo akaanza kutabasamu. Mikono ya Fermín ilikuwa mifukoni.

Benchi la tatu, mama yake Fermín akasimama.

"We Fermín! Hawa ndio waliokutuma. Mkono!"

Ukumbi mzima ukamkodolea macho. Mkono ukatoka mfukoni, ukafika sikioni, ukapanda.

"Wanne," alisema Bibi Obdulia, akiandika. "Meya ni Casilda. Koplo, sasa mchukue."