Ua la Mtungi wa Wafu

Mama yangu alikuwa mmoja wa walioiosha ile maiti, na mama hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Rundi, jirani yetu pale chini ya mlima Kinabalu, hakukanyaga darasa. Kukusanya mimea alijifunza mwenyewe, kwa kuwabebea wageni mizigo na kuwatazama: chimba na mzizi wake, laza ndani ya gazeti, bana kati ya mbao mbili, kaza mikanda, anika juu ya moto wa jikoni. Wageni huupa mmea mpya jina la aliyeuona kwanza; yeye miaka ishirini na sita, na hakuna hata jani moja lililopewa jina lake. Hilo lilimuuma, tusidanganyane.

Asubuhi moja yeye na mdogo wake, Bulilin, wakakuta ua jeusi ambalo Rundi hakuwahi kuliona. Lilikuwa limeota mdomoni mwa mtungi wa kale, mmoja wa ile mitungi ambamo wazee wetu waliwazika wafu wao.

"Dada, hilo lina mwenyewe," Bulilin alinong'ona.

"Mwenyewe kafa zamani. Shika kikapu."

Mzizi ukagoma kung'oka. Rundi akaukata kwa panga, na utomvu uliomrukia mkononi ulikuwa wa moto.

Adhuhuri akalibana ua kwenye mbao zake, akavuta mkanda. Bulilin, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, akaguta na kushika kifua. Rundi akamwambia aache vituko. Alidhani anataka tu ua lirudishwe. Akavuta tena.

Kitu kikalia ko! Ulikuwa ubavu wa Bulilin.

"Dada, legeza." Damu ilimtoka puani.

Rundi akaelewa. Na Mungu amsamehe, akalitazama ua kwanza. Lisipobanwa leo, kesho limeoza, na jina lake limeoza nalo. Alisita pumzi moja tu.

Aliporukia mkanda, ulikuwa unajikaza wenyewe. Ubavu wa pili. Wa tatu. Akakata mikanda yote kwa panga. Mbao zikaendelea kubanana, bila mkanda, bila mkono. Akaingiza vidole kuzitenganisha. Viwili vikabaki humo. Bulilin hakulia tena. Kifua hakikuwa na nafasi ya pumzi.

Mbao zilipoachia, ndani mlikuwa na gazeti tupu, limelowa damu.

Jioni kina mama wakamgeuza marehemu Bulilin wamsugue mgongo. Toka shingoni hadi kiunoni palijaa maandishi ya gazeti, yamepinduka kama ya kwenye kioo. Wakasugua kwa sabuni, wakasugua kwa majivu. Hayakutoka.

Chini kabisa, kwa mwandiko ambao hakuna aliyeutambua, neno moja lilisomeka sawasawa.

Rundi.