Nakala Ambazo Hazikuwapo

Ninyi mnaokaa nyuma ya meza za ofisi, na ninyi mnaosimama mbele ya meza hizo mkisubiri kujibiwa, habari hii ni yenu nyote. Nawaomba mnisikilize bila haraka, maana aliyekosea humu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitisha.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa Oktoba mwaka 1994. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na mlima wa Kacyiru, jijini Kigali, ulinuka udongo mbichi na moshi wa kuni. Katika jengo moja lililobomoka upande mmoja wa paa kulikuwa na ofisi ndogo ya kuwakutanisha watoto na wazazi waliopotezana wakati wa mauaji na vita. Évode, karani wa makamo aliyezaliwa na kukulia Kigali, alifungua dirisha, akaondoa kitambaa kilichofunika kompyuta, akafuta kioo chake taratibu kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Mukunde, mkuu wa chumba kile, alimwekea kikombe cha chai ya maziwa pembeni.

"Umeamkaje, muzee Évode?"

"Niko, Madamu."

Wakati ule watu wachache walijibu "salama". Walisema tu kwamba wapo.

Ndani ya mashine mlikuwa na watoto elfu mbili na zaidi, kila mmoja na ukurasa wake: jina kama lilijulikana, umri wa kukisia, mahali alipookotwa, na maneno ya mtu aliyemleta. Kwa wadogo wasioweza kujitaja, maneno hayo ya mwisho yalikuwa ndiyo kila kitu. Aliyemleta alimweka mtoto chini, akasema machache aliyoyajua, akaenda zake kutafuta wa kwake. Hakuna aliyejua alikoelekea.

Uani watu walikuwa wamekaa kimya wakisubiri. Wa kwanza kuitwa siku hiyo alikuwa Silvère, fundi mwashi, mikono imepasuka kwa saruji. Mwaka 1992 alikwenda Bukavu, Zaire, kutafuta kazi, akamwacha mkewe na binti wa miezi kumi katika mtaa wa Gikondo. Aliporudi alikuta kuta bila paa. Mkewe alikuwa ameuawa mwezi wa nne.

"Jina ya mama?" aliuliza Évode.

"Nyirarukundo."

Évode aliandika, akangoja, kisha vidole vyake vikasimama juu ya vitufe. "Madamu, kuja uone."

Mukunde aliinama akasoma. Mtoto wa kike, miaka mitatu hivi, ameletwa mwezi wa Agosti na mwanamke muuza mkaa wa Gikondo. Mama yake aliitwa Nyirarukundo. Baba ni fundi, alikwenda Zaire.

Silvère alishika ukingo wa meza. "Iko muzima?"

"Alipoandikwa alikuwa mzima, baba," alisema Mukunde. "Lakini sheria yetu ni kwamba hatutaji kituo alipo mtoto mpaka uje na watu wawili wanaokufahamu. Kuna watu wanachukua watoto wasio wao. Njoo Alhamisi na mashahidi wako, nami mwenyewe nitakutafutia kituo kwenye orodha ya vituo, imo humu humu kwenye mashine."

"Alhamisi," Silvère alirudia. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. "Anaitwa Uwase. Andika, Mama, ili mutu asimuite jina ingine."

Mukunde aliandika. Jioni ile, alipofika nyumbani Remera, alimkumbatia Gaju, binti yake wa miaka minne, hadi mtoto akalalamika kwamba anaumia.

Nyumba ile haikuwa yake. Yeye na mumewe Gatera walikulia Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, wakarudi mwezi wa Agosti na kuonyeshwa nyumba tupu. Kwenye ukuta wa jikoni mtoto fulani alikuwa amejifunza kuandika kwa mkaa, kutoka A mpaka M. Gatera alitaka kupaka rangi. Mukunde alikataa, wala hakuweza kueleza kwa nini, ila kila alipopika alihisi kuna mtu nyuma yake anayesubiri kumalizia.

Jumanne ilikuja barua kutoka makao makuu ya shirika lililoiendesha ofisi ile, Nairobi. Ofisi za Goma, Bukavu na Ngara, walikokimbilia wakimbizi, zilikuwa na orodha zao, na sasa zingeunganishwa zote. Lakini programu ya kuunganisha ilihitaji mfumo mpya wa kompyuta, ule wa picha na madirisha unaoendeshwa kwa kipanya. Mashine ya Kacyiru ilikuwa bado na mfumo wa zamani, wa herufi nyeupe kwenye kioo cheusi. Fundi angefika Jumatano na disketi zake. Barua ilimalizia hivi: mkuu wa chumba aamue kama ofisi iko tayari, au fundi aendelee na safari na kurudi baada ya mwezi mmoja.

Évode aliisoma mara mbili. "Mufumo mupya ni muzuri, Madamu. Sikatai. Mutoto yuko hapa, mama yake yuko Goma, tutawaona siku moja. Lakini kwanza tutoe nakala ya majina yote. Disketi iko sita tu, na zile ni za mwezi wa nane. Tunaomba zingine, tunafanya siku mbili. Tena jenereta haina mafuta, na umeme unajua namna iko."

"Siku mbili hatuna. Fundi anakuja kesho."

"Basi aende, arudi mwezi ujao. Kwani iko nini?"

Kulikuwa na kitu, ndugu zangu, lakini Mukunde hakukisema. Alipoomba kazi ile aliandika kwamba amesomea kompyuta mwaka mzima. Ukweli ni kwamba alisoma miezi mitatu, kupiga chapa barua tu. Kujibu Nairobi kwamba hayuko tayari kulikuwa kama kukiri jambo lile mbele ya watu wote. Vilevile, na hili pia ni kweli, alizifikiria zile orodha za Goma na watu waliokaa uani. Mwezi mzima aliuona kuwa mrefu mno. Sababu njema na sababu ya aibu zilikaa pamoja moyoni mwake, naye akazihesabu zote kuwa njema.

Jumatano saa nne Rodney aliwasili, kijana mchangamfu aliyekulia Kampala, na boksi la disketi kwapani. Évode alikuwa ameteremka mjini kutafuta mafuta ya jenereta. Rodney aliketi, akaigusa mashine hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Diski imejaa, Madamu. Mfumo mpya unataka nafasi. Itabidi niifute yote na kuipanga upya, halafu niuweke. Kazi ya saa moja hivi. Mna nakala?"

Aliuliza kwa wepesi, kama mtu anayeuliza kama kuna maji ya kunywa. Lilikuwa swali zuri, na aliliuliza kwa wakati wake. Mukunde aliliangalia kabati lenye disketi sita.

"Tunazo," alisema.

"Zote?"

"Tunazo, kijana. Endelea."

Rodney akaendelea. Mstari mdogo ulianza kusogea kwenye kioo, ukihesabu sehemu za mia: kumi, ishirini, thelathini na tano. Ulipofika arobaini na moja, taa ya chumbani ilizimika, na feni, na kioo. Rodney hakupaza sauti. Alishusha tu mikono mapajani, akasema, "Haikupaswa kukatika hapa katikati."

Umeme ulirudi baada ya robo saa. Mashine iliwaka, ikatafuta diski yake, haikuiona. Rodney alijaribu kwa njia zote alizozijua mpaka alasiri. Mwishowe akageuka. "Si neno, Madamu. Nipe nakala zenu, nitarudisha."

Évode alikuwa amesimama mlangoni, dumu la mafuta mkononi. Alimtazama Mukunde, kisha akaliweka dumu chini polepole sana.

Disketi za Agosti zilikuwa na watoto mia tatu na kumi wa mwanzo. Uwase, aliyeandikwa baada ya hao, hakuwamo. Na fomu za karatasi? Karatasi ilikuwa adimu Kigali miezi ile, kwa hiyo fomu zilipokwisha kuingizwa kwenye mashine zilipelekwa vituoni ili watoto wachore nyuma yake.

Hadi hapo lilikuwa kosa. Baya, lakini kosa. Sasa sikieni alichofanya.

Alhamisi Silvère alikuja amevaa shati safi, na jirani zake wawili, Ndayisaba na mama mmoja mzee aitwaye Daphrose. Mukunde alitoka uani kabla hawajaingia.

"Mashine iko kwenye matengenezo, baba. Rudi wiki ijayo."

Wiki iliyofuata alimwambia vivyo hivyo. Nairobi aliandika kwamba kazi inaendelea vizuri. Évode alimwomba aseme. "Madamu, tuwaambie, tuanze kuzunguka vituo leo. Watoto bado wako pale pale." Mukunde akamuuliza kwa ukali mkuu wa chumba ni nani. Nyumbani aliacha kula. Gaju akiitwa akachelewa kuitika, Mukunde alitoka mbio hadi barabarani akipiga kelele, na majirani wakatoka nje. Akiwa jikoni mchana alisikia herufi zikisomwa kwa sauti ya mtoto, A mpaka M, kisha kimya. Gatera alipomshika mabega akamuuliza, "Mama Gaju, una nini?", alijibu kwamba ni uchovu.

Katika juma la tatu, kituo kikubwa kilichokuwa katika shule karibu na Kibagabaga, walikopelekwa wengi wa watoto wa Gikondo, kilifungwa ili shule ifunguliwe. Watoto waligawanywa kwenye malori manne, wakapelekwa mikoani, wengine kwa familia zilizojitolea kuwalea. Walezi waliowajua kwa sura na kwa tabia walitawanyika. Mukunde alisikia habari hiyo redioni. Hapo ndipo alipoketi sakafuni mbele ya mume na mtoto, akasema yote.

"Nenda ukawaambie wao," alisema Gatera. "Mimi nikikusamehe haitasaidia kitu."

Asubuhi Mukunde alisimama uani mbele ya watu, kama sitini, akasema: majina yamepotea, niliambiwa nitoe nakala sikutoa, niliulizwa kama ninazo nikasema ninazo, kisha nikawadanganya majuma matatu. Mama mmoja alipiga yowe. Wengine waliinuka wakaondoka kimya kimya, kana kwamba walijua tangu mwanzo kwamba itakuwa hivyo. Silvère alibaki.

"Ulisoma ile maneno na macho yako," alimwambia. "Utakuya na mimi."

Wakaenda. Miezi miwili Mukunde, Évode na Silvère walizunguka vituo kwa lori na kwa miguu, wakiandika upya kwenye daftari. Watoto wakubwa walijitaja, wakaandikwa. Fomu chache zilipatikana, zimechorwa nyumba na helikopta. Lakini wadogo, wale ambao habari zao zilikuwa maneno ya mpita njia, walikuwa sitini na watatu, nao hawakuwa na la kusema.

Mwezi wa Desemba, katika kituo kimoja Ndera, mlezi aliyeitwa Épiphanie aliwaletea wasichana wawili wa umri wa Uwase. Wote walitoka Kibagabaga kwa lori moja. Wote vichwa vimenyolewa, macho makubwa, hawaongei. Silvère alichuchumaa. Alimtazama huyu, akamtazama yule. Aliwashika mikono, akatazama masikio yao, vidole vyao vya miguu.

"Nilimuacha na mwezi kumi," alisema. "Nilizani baba anajuaka. Nilizani nitajua tu."

Hakujua. Maneno ya muuza mkaa Mukunde aliyakumbuka, lakini ukurasa wa kuonyesha yalikuwa ya mtoto yupi haukuwapo tena popote duniani.

Mwishowe mmoja wa wale wasichana alimshika kidole. Silvère alimbeba. Alipofika langoni aligeuka kumtazama yule aliyebaki, akasimama pale kwa muda mrefu, mpaka Épiphanie alipomwingiza mtoto ndani.

Mukunde aliacha cheo, akabaki ofisini kama mwandishi wa daftari. Kila mwezi hupita Gikondo kuona mtoto anavyokua. Silvère humkaribisha kwa heshima na kumpa kiti. Siku moja Mukunde alimsikia akiita uani, "Uwase!", na msichana akaitika, akaja mbio akicheka.

"Umeona, anajua jina lake," alisema Mukunde, akitafuta pa kujifariji.

Silvère alimfuta mtoto vumbi magotini kabla ya kujibu. "Mama," alisema, "ningemuita jina yoyote, angeitika."

FUNZO

Mfumo mpya haukuwa na hatia. Mwaka uliofuata ofisi ileile iliuweka, nakala zikiwa zimetolewa mara mbili na jenereta imejaa mafuta, na watu wengi walikutanishwa na watoto wao. Wala umeme wa Kigali msiulaumu. Jilaumuni mnapoona haya kusema "sijui", mnapoona haya kusema "bado hatuko tayari". Kabla hujabadilisha chochote kinachobeba maisha ya wengine, tengeneza nakala, na uihakikishe kwa macho yako. Na ukishakosea, sema siku ileile. Mukunde angesema Alhamisi ile, angewakuta watoto bado mahali pao, na walezi bado wanawajua. Majuma matatu ya kulinda jina lake yaliwapotezea watoto sitini na watatu majina yao.