Kanda Iliyosimama Wimbo wa Tatu

Jumamosi saa tisa alasiri, ghorofa ya chini ya soko la Blok M, Jakarta, ilikuwa imefurika. Kila kibanda kilipiga muziki wake, na kila mwenye kibanda aliamini wa kwake ndio muziki, wa wengine kelele. Mbele ya kibanda cha kanda kuukuu cha Uda Syafril palikuwa na foleni ya watu watano, na haikusogea hata hatua. Mkosaji alikuwa mwanamume mmoja aliyejikalia kwenye kigoda, shati la kazi la buluu kakunja mikono, hedifoni masikioni, macho kafumba. Uda alikuwa na redio moja tu ya kujaribia kanda. Huyu bwana hakuwa anajaribu, alikuwa anasikiliza.

Nyuma yake alisimama Kinasih, fundi wa kukata vioo vya miwani, blauzi ya batiki rangi ya ndimu, raba za njano, nywele kazibana kwa penseli. Uvumilivu wake ulikuwa umeisha dakika kumi zilizopita.

"Kaka, unanunua au umepanga chumba humu?"

Jamaa akafumbua jicho moja. "Bado upande wa pili, dada."

"Upande wa pili! Uda, umemsikia huyu?"

"Tangu saa saba namsikia," Uda akajibu huku akifuta vumbi. "Kila nikimwambia ainuke, ananiambia wimbo umekolea."

"Sasa sikiliza," jamaa akasema, akamnyooshea hedifoni upande mmoja. "Hapa tu. Kama si kitamu, naondoka na kigoda nakubebea."

Kinasih alikusudia kukataa. Lakini sauti ilikwishamfikia: wazee wa Solo na muziki wao wa keroncong, violini ikijivuta kivivu, bibi mmoja akiimba kana kwamba anamsuta jirani. Akainama asikie vizuri. Kisha akachuchumaa. Foleni ikawalaani wote wawili, ikatawanyika.

"Naitwa Parlin," jamaa akasema upande wa pili ulipokwisha. "Fundi lifti. Mtu wa Medan, ndiyo maana napiga kelele."

"Kinasih. Wa Bandung, ndiyo maana nimekuvumilia."

Wakacheka. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Uda alikwishaona, akaenda kuwanunulia chai.

Benchi la mbele ya kibanda cha Uda lilikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi wateja wake waliazimana albamu walizokuwa wakizisikiliza wiki hiyo, na kanda ilirudishwa bila utepe kurudishwa nyuma: sikio lako lilipochoka, hapo hapo uiache. Aliyeimaliza, pande zote mbili, utepe ulikuwa umejirudia wenyewe pale ulipoanzia. Na kwa kuwa asiyeigusa kabisa naye angeweza kuirudisha vivyo hivyo, ilikupasa utaje jambo moja la wimbo wa mwisho. Uongo haukuwa na pa kujificha.

Miezi mitano Parlin na Kinasih waliazimana. Kinasih akampa dangdut ya Surabaya, Parlin akampa roki ya mabinti wa Makassar walioimba kama wanagombania ndoo kisimani. Na simu haikupoa.

"Neng, umefika wapi?" Parlin alimwita hivyo, kama Wasunda wa Bandung wanavyowaita binti zao, na kila akilisema Kinasih alitabasamu; naye alimjibu Bang, yaani kaka.

"Upande wa kwanza, wimbo wa nne. Bang, huyu mpiga ngoma ana ugomvi na nani?"

"Na mama mkwe. Subiri wa tano, wanapatana."

"Muone! Na wewe yangu?"

"Nimeisikiliza ndani ya lifti iliyokwama, ghorofa ya kumi na nne. Abiria wamekataa kushuka."

"Muongo wewe!"

"Haki ya Mungu! Bibi mmoja ananiuliza ni nani anaimba. Nimemwambia mchumba wangu ndiye anajua."

"Mchumba nani?"

"Si nilikuwa najaribu tu linavyosikika."

"Lijaribu tena," Kinasih akasema, akakata simu kwa haya, akaruka-ruka kitandani kama mtoto wa chekechea.

Wiki hiyo akafanya uamuzi. Kabatini kulikuwa na kanda moja ambayo hakuwahi kumwazima mtu: Mvua ya Lembang, albamu pekee ya kikundi ambacho marehemu baba yake alikipigia filimbi. Zilichapwa chache, nyingine zikapotea na mafuriko, na hii ndiyo iliyobaki nyumbani. Mama yake alikuwa na neno moja kuhusu wachumba: "Asiyeweza kumsikiliza baba yako mpaka mwisho, usiniletee." Kinasih akaapa moyoni. Parlin akiimaliza, atampeleka Bandung. Asipoimaliza, basi.

Jumamosi akamwazima, akamwambia ni filimbi ya baba yake, lakini kiapo hakumwambia. Huo ndio mtihani, na hilo ndilo kosa lake.

Ijumaa iliyofuata Parlin alitumwa ghafla Surabaya, siku nane, kwenye hoteli yenye lifti sita zilizougua. Kanda aliirudisha kwa bodaboda, imefungwa ndani ya soksi mpya na boksi la keki ya bika ambon. Kinasih aliifungua dukani, katikati ya miwani za watu. Akaiinua kwenye taa. Jicho lake lililozoea kupima vioo halikuhitaji redio: utepe ulikuwa umesimama upande wa kwanza, wimbo wa tatu. Pale pale baba yake anapoanza kupiga.

Hakuigusa ile keki.

Jioni Parlin akapiga. "Neng, imefika? Nilitaka nikwambie kuhusu kanda ya baba..."

"Nimeona, Bang. Usijisumbue."

"Umeona? Umekasirika?"

"Kwa nini nikasirike? Kila mtu na sikio lake."

"Sikio gani tena? Neng, nisikilize..."

"Kazi njema." Akakata. Kisha akalia mpaka macho yakawa kama ya mtu aliyemenya vitunguu vya harusi.

Ukweli wenyewe? Parlin alikuwa ameisubiri filimbi ile tangu wimbo wa kwanza. Ilipoingia tu, sauti ikaanza kuyumba. Akaizima haraka, akachungulia: kile kijipande cha sufi kinachosukuma utepe kwenye kichwa cha redio kilikuwa kimebanduka kwa uzee. Kuendelea ni kuutafuna utepe, kuurudisha nyuma ni kuujaribia bahati. Mikono iliyozoea kamba za lifti ikauogopa utepe. Akaiacha ilivyo, akaifunga kwenye soksi, akajipanga amweleze mwenyewe kwa upole. Sasa aliamini Kinasih anamwona ni mharibifu wa kitu pekee alichoachiwa na baba yake.

Lakini mkono mtupu haulambwi. Kila jioni, akitoka kwenye lifti na mafuta mpaka kwenye kope, Parlin alizunguka vibanda vya kanda vya Surabaya na swali moja tu. Siku ya saba kinyozi mmoja mzee, aliyekuwa na redio juu ya kioo chake, akamwangalia kwa mshangao. "Mvua ya Lembang? Kijana, hiyo nimewanyolea watu nayo miaka thelathini." Parlin alinyolewa mara mbili siku ile ili aisikilize yote. Kwa nyimbo zilizobaki kichwani mwake na nywele zisizobaki, mzee akamhurumia, akampa kanda.

Jumamosi, saa tisa. Kinasih alikuwa amekuja benchini kumuaga Uda. Alisema hatakuja tena. Alivaa nyeusi tupu, raba za njano kaziacha nyumbani.

"Neng!"

Akageuka. Jamaa kipara kinang'aa, begi la safari mgongoni, anahema.

"Nywele zako ziko wapi?"

"Nimeziuza. Shika." Akamwekea kanda mkononi. Kinasih akaiinua kwenye taa, akaona jalada lile lile. Utepe ulikuwa umerudi ulipoanzia.

"Umeitoa wapi hii? Na ile yangu ulichoka wimbo wa tatu!"

"Kuchoka? Ilibanduka sufi, Neng! Niliogopa kuitafuna!"

Kinasih akaitoa ile ya baba mkobani, akaichungulia. Kweli, pale kati palikuwa patupu. Hasira ya siku nane ikamwisha, akakaa kwenye kigoda.

"Na hii hata mtu asiyeigusa anaweza kuirudisha hivi," akasema. "Taja la wimbo wa mwisho."

Parlin akachuchumaa mbele yake. "Muziki ukishaisha wote, mpiga filimbi hajui kama bado wanarekodi. Anacheka, kisha anasema, 'Tena mara moja, hii tamu.'"

Kinasih akaziba mdomo kwa viganja viwili. Ndivyo alivyosema baba yake, kwenye kila chakula, kila safari, kila wimbo.

"Nakupenda, Bang," akasema pale pale, mbele ya Uda na soko zima. "Na nilikuwa nimekuacha bila kukwambia. Nisamehe."

"Mimi nilidhani nimemuua baba yako mara ya pili. Nakupenda pia. Nioe."

"Wewe ndiye unaoa, mjinga!"

"Basi nikuoe. Ni haraka tu."

"Kesho Bandung. Mama anapika wali wa liwet. Atakuuliza la wimbo wa mwisho."

"Aniulize hata la wa kwanza!"

Uda, akipenga kamasi kwa kitambaa cha vumbi, akabandua sufi kwenye kanda mbovu akawapa. Parlin akachomoa bisibisi yake ndogo kuliko zote, akaipachika sufi kwenye kanda ya baba bila kusita. Kinasih akachomoa penseli kichwani, nywele zikamwagika mabegani, akaukaza utepe taratibu. Wakagawana kigoda kimoja na hedifoni moja. Wimbo wa tatu ukaanza, na filimbi ikaingia, imenyooka.

Nyuma yao foleni ilikuwa imekua.

"Jamani," akalalamika mama mmoja mwenye vikapu, "mnanunua au mmepanga chumba humu?"

Kinasih hakufumbua macho. "Bado upande wa pili, mama."