Viti Vitatu vya Fokker

Asubuhi ya Jumanne Eliamini aliukuta mkanda wa kiti cha dirishani umefungwa, na ndani yake hamna mtu.

Aliufungua, akaulaza vizuri pembeni ya kiti kama ulivyotakiwa kulala. Kisha akaita, "Mama Eliaichi! Nani kachezea kiti?"

"Mimi niko zizini tangu alfajiri," mkewe Hedwiga akajibu kutoka nje. "Labda paka."

"Paka anafunga mkanda?"

Hedwiga akaendelea kukama ng'ombe.

Viti vyenyewe vilikuwa vitatu vilivyoungana, vimeng'olewa kwenye Fokker ya zamani ya shirika la ndege la taifa. Ndege ile ilistaafu, ikauzwa, na mwili wake ukakaa miaka mingi uani kwa muuza vyuma chakavu huko Dar es Salaam. Eliamini alivinunua hapo, akavipandisha Vudee, kijijini kwao kwenye milima ya Upare, kwa Fuso, akavipanga sebuleni vikitazama dirisha na bonde. Alikuwa fundi wa ndege kwa miaka thelathini na moja, na kijijini hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo hata kwa siku moja.

Mtu huyu alikuwa na dharau ya kutosha kijiji kizima, ikabaki ya kuteremsha mpaka Same. Ndege mpya ya mapanga ikipita juu ya milima kwenda Kilimanjaro, aliacha chakula akatoka uani kuisikiliza. "Pangaboi hiyo," angesema, midomo imepinda. Ikipita ya injini kubwa: "Airbus. Kompyuta ndiyo inarusha, rubani kazi yake kula." Hata Dreamliner, ambayo watu wa Vudee waliiona kwenye televisheni wakapiga makofi, yeye aliiita bawa la plastiki. Ndege zilikuwa zile za zamani: Fokker, Boeing zile za kwanza, na Twin Otter ndogo zilizotua kwenye nyasi kama kunguru. Na wajuzi walikuwa wale wa zamani, maana yake yeye. Waliobaki wote walikuwa watu wa jembe.

Miaka yote ile alipata tiketi za familia. Alimpandisha mama yake, akampandisha kaka yake, akampandisha hadi mwalimu wa kwaya aliyekuwa na shughuli zake Mwanza. Hedwiga aliomba mara tatu. Mara ya tatu Eliamini alicheka mbele za wageni. "Wewe na ndege wapi na wapi? Utatapika tu, uniaibishe." Hedwiga akaenda kukata majani ya ng'ombe, na hakuomba tena.

Jumatano mkanda ulikuwa umefungwa tena. Safari hii nyumba ilinuka mafuta ya taa, harufu kali ya kukwaruza koo kama ya mafuta ya ndege, ilhali kibatari cha mwisho kilitupwa siku waliyofunga sola. Halafu, Eliamini akiwa amesimama palepale akinusa, ukasikika mlio mdogo juu ya viti, ting', kama kengele ya abiria anayemwita mhudumu ndani ya ndege. Juu ya viti hapakuwa na kengele, wala waya, wala chochote isipokuwa dari.

Sifael, jirani yao na mzee wa kanisa, alikuwa amepita kuomba mbegu za maharage. Naye alisikia.

"Baba Eliaichi," akasema kwa sauti ya chini, "hivyo viti vilikaa mahame. Kitu kikikaa mahame, kinapata mwenyewe."

"Majini ni mambo ya watu wa pwani," Eliamini akamkata. "Chukua maharage yako uende."

Siku ya Alhamisi, saa nne, ukungu ulipanda kutoka bondeni ukafunika migomba na kahawa mpaka dirisha likawa jeupe tupu. Eliamini alirudi kutoka shambani akamkuta mkewe amekaa kiti cha dirishani, mkanda umefungwa kiunoni, anautazama weupe ule huku akitabasamu.

"Nani kakuruhusu kukaa hapo?"

Hedwiga alimgeukia taratibu, akameza mate kwa nguvu. "Sema kwa sauti. Masikio yameziba."

Eliamini akamshika mkono amwinue. Mkono ulikuwa wa baridi kama bati la alfajiri, na kwenye nywele za mbele, nje ya kitambaa, kulikuwa na chembe nyeupe alizodhani ni unga, mpaka alipozigusa zikayeyuka kwenye vidole vyake. Eliamini akapiga magoti. Vifungo vya aina ile alikwishafungua elfu na elfu, angeweza kuvifungua usingizini, lakini hiki hakikufunguka, akakivuta, akakigonga, akakimbia jikoni akaleta kisu na kukata mkanda, na kisu kikateleza kama kinapita juu ya kioo, akakata tena huku jasho likimtoka, na juu ya kichwa chake kengele ikaendelea kulia, ting', ting', bila haraka, kama mtu asiye na shaka kwamba atahudumiwa.

Kisha mkewe akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito na tulivu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watu waliofungwa mikanda.

"Fundi, inuka. Unanichafulia sakafu."

Eliamini akabaki na kisu mkononi. "Wewe nani?"

"Mpangaji. Nilihamia kwenye Fokker yako ilipokuwa haina mabawa, kuku wanataga kwenye chumba cha rubani. Miaka mingi nimelala humo nikisikia wenzangu wanapita juu. Kwanza Boeing zile za kelele. Zikaisha. Zikaja pangaboi. Zikaja Airbus. Ikaja ile kubwa ya kwenda ng'ambo. Hakuna aliyesimama kunichukua. Halafu ukaja wewe, nikafurahi, nikadhani nimempata mtu wa angani." Sauti ikacheka kidogo, puani. "Kumbe ni mkaza nati. Miaka thelathini na moja unakaza nati, mlango unafungwa, wewe unabaki chini unapunga mkono. Ndiyo unayotambia hiyo?"

"Muache mke wangu."

"Ulikuwa na mke? Mimi nimemkuta mwanamke amekaa uani anatazama juu. Nikamwambia njoo."

Eliamini alitoka mbio, akamleta Sifael na Biblia yake. Sifael alifika hadi mlangoni, akafungua kinywa aanze kuomba, na sauti ile ikamwambia kwa upole kabisa, "Mzee wa kanisa, kimebaki kiti cha katikati. Karibu." Sifael alirudi kinyumenyume mpaka kwenye migomba, akaacha kiatu kimoja sebuleni, na hakukifuata.

Ijumaa ikapita hivyo, na Jumamosi. Hedwiga hakula, hakunywa, hakuinuka. Eliamini alipiga magoti mbele yake akimsugua miguu iliyoganda, akimfunika mablanketi, akilia, akimwomba arudi. Jumamosi mchana alipoona midomo yake imekuwa ya bluu, alimeza kiburi chake, akateremka Same, akazunguka kwa bodaboda hadi kijiji cha Kisiwani, kule tambarare, kumtafuta mtoa majini aliyeelekezwa.

Mtu huyo, Salimu, alipanda naye Jumapili asubuhi akiwa amevaa mabuti ya mpira yenye matope. Eliamini hata katika hali ile aliyatazama mabuti.

"Wewe ndiye mganga?"

"Mimi ni mkulima wa mahindi," Salimu akasema. "Hili nalifanya nikiitwa."

Akawasha ubani. Akakaa kwenye kigoda mbele ya Hedwiga, akamshika kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akasoma dua kwa muda mrefu, akakatiza kusikiliza, akasoma tena. Akamnyunyizia maji usoni. Hedwiga akapepesa macho tu. Mwishowe Salimu akanyoosha mkono kwenye mkanda, akainua kifungo kwa kidole kimoja, na mkanda ukafunguka.

Eliamini akaruka kumkumbatia mkewe. Mkewe hakuinuka.

"Mbona bado?" akanong'ona. "Endelea kusoma!"

Salimu alikuwa anafunga mfuko wake. "Hamna cha kusomea. Jini limemtoka. Labda tangu jana."

"Limekwenda wapi?"

"Likitoka haliagi."

"Na mbona hainuki?"

"Muulize mwenyewe. Huyo anayekataa ni mkeo."

Eliamini akageuka. Hedwiga alikuwa anamtazama, na macho yalikuwa yake, yale ya miaka arobaini.

"Mama Eliaichi? Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri tangu jana."

"Mbona hukunijibu? Nimelia hapa!"

"Nilikuona. Nilikuwa nakutazama." Alisema polepole, bila hasira, kama anayepima kitambaa sokoni. "Sikuwahi kukuona kutoka juu. Kumbe wewe ni mdogo sana, Baba Eliaichi."

Ndipo akainuka mwenyewe, akajinyoosha mgongo, akamwamkia Salimu kwa heshima na kumwomba radhi kwa usumbufu, akaenda kuoga.

Viti viliteremshwa siku hiyohiyo. Salimu aliviponda kwa nyundo huko Kisiwani, akavizika kwenye ardhi kavu wanakopita ng'ombe. Jumatatu Hedwiga alifunga begi. Alimkabidhi Sifael ng'ombe, akamweleza yupi anakaribia kuzaa. Kwa mumewe alisema anakwenda Dar kwa binti yao Eliaichi, aliyemtumia tiketi ya ndege kwa simu, na kwamba asimsindikize. Eliamini alisimama uani. Ilipofika saa nane mchana ndege ikapita juu ya ukungu. Kwa mara ya kwanza hakusema ni aina gani.

Simu ilikuja kabla ya giza.

"Nimefika," Hedwiga akasema. Nyuma yake kulikuwa na vicheko vya wajukuu. "Nilikaa dirishani. Sikutapika."

Eliamini alitaka kusema neno zuri. Alilitafuta, hakulipata, akauliza, "Ilikuwa ndege gani?"

"Sikuuliza."

"Yule mwenzangu anaendeleaje?" Hedwiga akauliza.

"Mwenzako yupi?"

"Aliyekuwa anasema kwa mdomo wangu. Siku ile ya Jumamosi aliniaga. Alisema amechoka kuruka, anataka kutulia mahali penye hewa nzuri, na Vudee pamempendeza. Nilidhani mmeshaonana."

Simu ikakatika. Eliamini akabaki ameishika sikioni, kwa sababu chumbani, kwenye kitanda alicholala na mkewe miaka arobaini, chaga zilikuwa zinalia chini ya kitu kizito kinachojigeuza taratibu, kikitafuta upande wa kulalia, kikaupata, kikavuta pumzi ndefu ya mtu aliyefika kwake, kisha kikakohoa ili aliye sebuleni asikie.

"Fundi," sauti ikasema. "Chai."

Tangu aoe, Eliamini hakuwahi kuinjika hata sufuria ya maji. Aliingia jikoni akipapasa, akafungua kopo la chumvi, akafungua la unga, akaangusha vifuniko, akaviokota. Kutoka chumbani kikasikika kikohozi cha pili, kifupi, cha mtu anayeanza kuchoshwa.

"Naleta," Eliamini akaita. "Sukari vijiko vingapi, mkuu?"